Nilikwenda Saint Paul Kutazama Mchumba

Mwanangu Elia alipotuma habari kwamba amepata mchumba huko Marekani, ukoo wetu haukushangilia wala haukukataa. Ulikaa kikao. Shemeji yangu, ambaye ndiye Baba Mkubwa wa Elia na msemaji wetu tangu mume wangu afariki, aliuliza binti ni wa wapi. Nikamwambia ni Mkongo, ila alizaliwa kambini mkoani Kigoma, akapelekwa Marekani na wazazi wake akiwa bado msichana mdogo.

"Yaani mkimbizi," akasema.

Shemeji si mtu mbaya, kwa hiyo akaongeza kwa upole, "Nenda kamwone kwa macho yako, shemeji. Ukirudi utuambie ni watu wa namna gani."

Elia alikuwa akinisihi miaka nenda miaka rudi nikamtembelee. Tiketi akaituma. Kitalu changu cha miche nikamwachia mdogo wangu, nikamwonya asiimwagilie miparachichi kupita kiasi, nikaondoka Morogoro nikiwa na kazi moja tu: kutazama. Ninyi mnaonunua miche kwangu mmekuwa mkiniuliza huko kukoje, na mimi nimekuwa nikiwajibu vipande vipande huku nikifunga mifuko. Leo nasimulia vizuri.

Kuhusu ndege sina mengi. Niliketi, nikalishwa, nikalala, nikaamka, bado tuko angani. Tukabadilisha ndege, mambo yakawa yale yale.

Minneapolis nilifika jioni, jua likiwa bado juu kana kwamba limesahau kwenda nyumbani. Elia alinisubiri nje ya mlango wa abiria. Amenenepa, na amefuga ndevu za baba yake, hata nikasita kidogo kabla ya kumkumbatia. Anaishi Oakdale, upande wa mashariki, kwenye mtaa ambao nyumba hazina uzio wala geti. Nyasi za huyu zinaungana na nyasi za yule. Nikamuuliza wezi wao wanaishi wapi, akacheka akasema, "Mama, utazoea."

Siku za mwanzo nilishinda nimelala mchana na kukodoa macho usiku. Mchumba mwenyewe, Esperance, sikumwona. Yeye na Elia wote ni wauguzi kwenye hospitali moja huko Maplewood, na wiki ile zamu zao zilipishana. Nilidhani ananikwepa. Baadaye nilijua kwamba aliyekuwa hataki tuonane haraka ni mama yake.

Jumamosi asubuhi Elia akaja na chai na ratiba. "Mama, niko ofu wikendi nzima. Leo tunakwenda bustani ya mimea, kesho besiboli. Espe na mama yake wanakuja kote."

"Besiboli ndiyo nini?"

"Utaona kesho. Hiyo ameichagua Espe. Bustani nimeichagua mimi kwa ajili yako."

Nikavaa gauni langu la kitenge la maua ya zambarau, nikafunga kilemba. Mtu anayekwenda kutazama sharti naye atazamike.

Njiani kuelekea Saint Paul, mji pacha wa Minneapolis, barabara ilikuwa pana kuliko soko letu lote, magari yakikimbia bila kupigiana honi. Kwa mbali nikaona kuba jeupe la jengo la serikali juu ya kilima. Vidole vya Elia vilicheza juu ya usukani, na mimi mama yake nikajua ana hofu. Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Nilikuwa nimefikiria habari ya ukoo, ya jina, ya wajukuu, nikasahau kwamba katikati ya hayo yote kuna kijana anayempenda mtu.

Langoni mwa bustani walikuwa wanatungoja. Esperance ni mrefu, mweusi wa kung'aa, ana sauti ya chini. Jina lake lina maana ya Tumaini, na akina Tumaini kwetu tunao tele. Alipiga goti kidogo akasema, "Shikamoo, mama," na nikaona midomo ya Elia ikitamka pamoja naye bila sauti, kama mwalimu anayemsikiliza mtoto wake wa shule.

"Marahaba, mwanangu."

Mama yake alikuwa mfupi, mnene kama mimi, mjane kama mimi, naye pia amevaa kitenge. Alinipa mkono mara moja akaurudisha. "Karibu, Mama Elia. Safari ilikuwa muzuri?"

"Nzuri, nashukuru."

Basi. Tukaishia hapo. Tukatembea kwenye njia za bustani, vijana mbele, sisi nyuma, kila mmoja akisifia maua ili asilazimike kusema kitu kingine. Na maua yalikuwepo: matuta na matuta ya rangi zilizopangwa kama khanga dukani, hakuna ua lililonyauka, hakuna gugu. Nikatafuta gugu kwa makusudi. Sikuliona.

Tulipoketi sote kwenye benchi, Mama Esperance akakohoa akaingia kwenye jambo lenyewe. "Mama Elia, mutoto wako ananiambia anataka Espe akuwe bibi yake."

Nikashangaa. Mama yangu mzazi alishafariki, lakini mama mkwe yupo, ana afya yake. "Bibi yake tunaye," nikamjibu. "Yuko Kilosa."

Uso wa mama yule ukabadilika. Akamgeukia Elia polepole. "Elia. Uko na bibi Kilosa?"

Elia alitaka kujibu lakini kicheko kikamkaba, akawa anapunga mikono tu. Esperance ndiye aliyeokoa mambo. "Mama, hapana! Kwao bibi ni nyanya, ni mama ya baba yake." Kisha akanigeukia mimi. "Na kwetu bibi ni mke."

Mama Esperance akaweka mkono kifuani. "Mungu wangu, nilishaanza kuchukua sakoshi yangu niende." Sakoshi kwao ni mkoba, na kweli alikuwa ameshaukumbatia. Tukacheka hadi watu waliokuwa wakipiga picha wakageuka kututazama. Kuanzia hapo tulianza kuongea, tukisimama kila mara kuulizana neno.

Adhuhuri tuliingia kwenye nyumba ya kioo. Ni nyumba kubwa yenye paa la duara, yote vioo, na ndani yake kuna joto na unyevu. Mwili wangu ulifurahi kabla yangu. Miwani yangu ikajaa ukungu, na nilipoifuta nikaona mgomba. Mbele yake mpapai, kakao, vanila imepanda mti, mbuni wa kahawa, mdalasini. Kila mmoja una kibao cha jina, na watu wanaupita taratibu wakinong'ona kama wako kanisani. Mzungu mmoja alimwinua mtoto wake auone mpapai. Nikafikiria mipapai inayojiotea nyuma ya choo changu nikajizuia kucheka. Lakini pia niliona fahari, siwezi kukataa. Chumba kingine kilikuwa na miti ya umri mkubwa iliyodumazwa ikabaki na urefu wa mkono, kila mmoja kwenye sahani yake. Elia akaniuliza kama ningeweza kuotesha miti kama ile. Nikamwambia wateja wangu wanataka kivuli.

Kwenye kona ya nyumba ya kioo Mama Esperance alikuwa amesimama muda mrefu. Nikamfuata. Alikuwa ameinua uso anatazama mchikichi.

"Huu kwetu upo Kigoma," nikasema. "Mawese tunayopikia Morogoro yanatoka huko."

"Ninajua. Nilikaa Kigoma miaka mingi. Espe nilimuzaa kule."

Nikafurahi kupata la kuongea. "Kumbe umeishi kwetu! Ulifika Morogoro? Dar je?"

Akanitazama kuona kama namtania. "Mama, sisi tulikuwa kambini. Kutoka kambini ilikuwa lazima karatasi ya ruhusa. Nilikuwa Tanzania lakini Tanzania yenyewe sikuiona. Niliona askari. Niliona watu wa kugawa unga. Na mama mumoja wa Kiha alikuwa anauza nyanya sokoni. Nikinunua fungu moja, ananiongezea ndogo mbili tatu juu. Kila mara. Ule mama ndiye Tanzania yangu."

Nilikuwa nimeishi nchi ile ile, miaka ile ile, nikiuza miche, nikienda harusini, nikipanda basi kwenda popote nilipotaka. Nilisikia habari za wakimbizi redioni, nikazisikia jinsi mtu anavyosikia habari za mvua ya mkoa mwingine. Nikasimama naye chini ya mchikichi ule mpaka vijana walipokuja kututafuta.

Jioni ile tulikula kwao, Inver Grove Heights, karibu na mto Mississippi. Alipika ugali wa muhogo, samaki na kisamvu, ambacho wao wanakiita sombe. Nilikula nikaongezwa. Lakini mara mbili nilimkuta Mama Esperance ananitazama kwa macho yanayopima, na alipomuaga Elia mlangoni hakumwita mwanangu, alimwita Elia.

Kwenye gari nikamuuliza kulikoni. Elia akasubiri taa ya barabarani ibadilike. "Mama," akasema, "wewe unafikiri umekuja kuamua. Yeye ndiye hajakubali. Espe amemwambia yeye hataolewa bila baraka yake."

Usingizi haukuja upesi. Nilikuwa nimetumwa kutazama, na kumbe muda wote nilikuwa natazamwa.

Jumapili baada ya ibada tulikutana uwanjani, katikati ya Saint Paul. Uwanja si mkubwa sana, umejengwa kati ya majengo ya matofali, na kutoka viti vyetu uliona treni zikipita nyuma yake. Watu walikuja familia nzima, vitoto vichanga na wazee wenye fimbo. Tulinunua soseji ndani ya mkate na karanga za maganda. Nikaweka maganda yangu kwenye mfuko kwa adabu, kisha nikaona kila mtu anayatupa chini ya miguu. Nikawaiga, lakini roho iliniuma.

Esperance aliketi kando yangu kunifundisha mchezo. Mmoja anarusha mpira, mwenzake ana gongo, akiupiga anakimbia kuzunguka vituo, na wale wengine wanautafuta mpira wamtoe nje kabla hajafika.

"Basi ni rede," nikasema.

"Rede?"

Nikamweleza mchezo wetu wa wasichana, mpira wa soksi, wawili wanarusha na wa katikati anakwepa. Macho yakamng'aa. "Tulikuwa tunacheza hiyo kambini! Nimesahau jina lake!" Akamwambia mama yake kwa haraka kwa lugha yao ya Kibembe, na mama yake akatabasamu bila kutaka.

Mchezo wenyewe ni wa polepole. Mtu anarusha, anatema mate, anafikiri, anarusha tena. Kati ya kipindi na kipindi watu waliovaa magunia ya viazi walishindana mbio. Nilianza kuupenda. Ni mchezo unaoruhusu mazungumzo, kama kuchambua mchele.

Katikati ya mchezo vijana walikwenda kutafuta soda. Tukabaki wawili. Mama Esperance alifuta mikono yake, akatazama uwanjani, akasema bila kunigeukia.

"Mama Elia, nitakuuliza neno, na usinijibu kwa heshima tu. Espe akiingia kwenu, siku mutagombana, maana watu wanagombana, mutamuita mukimbizi?"

Mpira ulipigwa, watu wakashangilia. Mimi nilisikia sauti ya shemeji kikaoni, wazi kabisa. Ningeweza kusema hapana, kamwe. Lingekuwa jibu zuri, na lingekuwa uongo.

"Limeshasemwa," nikamwambia. "Kabla hata hawajamwona. Na wapo watakaolirudia, siwezi kuziba midomo ya ukoo mzima. Lakini kwangu, mbele yangu, halitasemwa. Atakayelisema atanikuta mimi kwanza."

Alichukua karanga akaivunja, akaila, akachukua nyingine. Niliona nimeharibu. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Elia.

Hapo ndipo gongo lilipogonga mpira vibaya. Nilisikia watu wakipiga kelele, nikainua uso kutafuta kuna nini. Mkono ulinishika shingoni. Mama Esperance alinivuta chini, kichwa changu kikaingia magotini mwake, naye akanilalia juu kwa mwili wake wote. Mpira ukapiga mgongo wa kiti changu, kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno, ukaruka safu za nyuma.

Tukabaki vile vile kidogo. Nilisikia moyo wake ukienda mbio juu ya mgongo wangu. Hakuwa amesita hata kidogo, na nikajua kwamba mikono ile imewahi kumlaza mtu chini kabla ya siku hiyo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anacheza.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Kilemba," nikasema. Kilikuwa kimefunguka na kuanguka kwenye maganda ya karanga.

Akakiokota, akakikung'uta, na badala ya kunipa akanifunga mwenyewe, kwa mtindo wao wa Kikongo, fundo likakaa mbele juu ya paji la uso. Akarudi nyuma kidogo kuangalia kazi yake. Akaanza kucheka. Nami nikacheka, tukashikana mabega, mzee mmoja wa Kizungu nyuma yetu akatupigia makofi. Vijana walirudi na soda wakatukuta katika hali hiyo, wakabaki wameduwaa.

Baadaye kidogo uwanja mzima ulisimama ukaanza kuimba. Nikadhani mchezo umekwisha, nikachukua mkoba wangu nikaaga watu wa jirani. Esperance akanikalisha. Wanasimama kunyoosha miguu tu. Nani alishinda? Msiniulize. Elia alinieleza, nikasahau kabla hatujafika kwenye gari.

Jioni, kwenye maegesho ya magari, Mama Esperance alimwita Elia. "Mwanangu," akamwambia, na Elia akasimama wima kama askari, "endesha pole pole, umebeba mama." Kisha akanishika mikono yote miwili. "Wazee wenu wapige simu. Tutawapokea."

Wiki zilizobaki zilikwenda upesi. Tulipika pamoja, nikamfundisha Esperance kuweka nazi kwenye maharage, yeye akanifundisha kusukuma kigari dukani bila kugonga watu. Uwanja wa ndege walinisindikiza wote. Esperance alilia, Elia akajifanya anatafuta funguo.

Morogoro nilifika siku ya mvua. Hata mizigo sijafungua, shemeji akaita kikao. Nilisimulia kama nilivyowasimulia ninyi, mpaka na bibi wa Kilosa, wakacheka wakajipiga mapaja. Shemeji akasema, "Vizuri sana. Kwa hiyo hao wakimbizi wanataka tuwapigie lini?"

Kikao kizima bado kilikuwa kinacheka. Ilikuwa rahisi kuliacha lipite.

"Shemeji," nikasema, "hao ni wakwe zetu. Jina hilo lingine tuliache hapa leo. Nimeahidi."

Kicheko kikaisha. Wifi yangu mmoja akaguna kwamba siku hizi ukisafiri kidogo tu unarudi na sheria. Nikamwacha agune. Shemeji akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Wakwe zetu," akasema. "Haya. Tuwapigie lini?"

Wamepigiwa. Ndoa itafungwa Saint Paul, na sherehe ya pili itafanyika hapa kwetu. Mkiniuliza nilijifunza nini safari ile, nitasema hivi: mtu anaweza kukaa nchini mwako mpaka akajifungua na kulea, na asiwahi kukaribishwa kiti na yeyote ila muuza nyanya. Mimi ilinibidi nivuke bahari kumkaribisha jirani.

Juzi nilikuwa kitaluni namwagilia, simu ikaita. Mama Esperance. Alitaka kujua mambo ya safari yao.

"Kutoka kwenye ndege mupaka kwako ni mbali?"

"Si mbali. Siku hizi kuna treni ya umeme, utafika kabla hujamaliza karanga."

"Na karatasi ya ruhusa ya kufika huko, tunaomba wapi?"

Niliweka ndoo chini. "Hakuna karatasi, mkwe. Ukishagongewa muhuri uwanja wa ndege, nchi ni yako. Unakata tiketi unapanda."

Nilisikia gari likipita huko kwao.

"Na kama ninataka kupita kwako, niende mbele kidogo, kuona tu?"

"Mbele kuna Dodoma. Kuna Tabora. Kuna Kigoma kwenyewe. Nitakwenda nawe. Utakapochoka ndipo tutakaposhuka."

"Sitachoka," akasema.